Kokoto

Yalianza macho. Nikadhani ni balbu ya jikoni,
ile ya Makongeni inayopaka kila kitu umanjano.
Nikamtoa mama nje, juani, majirani wakitazama,
nikamvuta kope kama anunuaye mbuzi.
Umanjano uleule.
Na mkojo, akasema bila haya, ni strungi tupu.

Sasa tuko Upper Hill, ghorofa ya tatu.
Daktari Barasa anachora nyuma ya risiti yangu ya dawa:
ini, mfuko wa nyongo, mrija mwembamba kama bua,
na ndani ya mrija nukta anayoikoleza mara mbili.
"Jiwe. Milimita kumi na nne."

Kamera itaingilia kinywani, ishuke hadi mlango wa mrija.
Waya wenye moto utaupanua mlango,
puto dogo litalikokota jiwe nje.
Kisha anaweka kalamu chini,
na hapo ndipo ninapoanza kumwamini.

Kongosho linaweza kukasirika, anasema,
na likikasirika hujitafuna lenyewe.
Damu inaweza kukataa kukoma penye mkato,
maana mama humeza vidonge vya kuizuia isigande.
Utumbo unaweza kutoboka. Si mara nyingi.
Moyo wa miaka tisini na mitatu
unaweza kulala naye, ukasahau kuamka.

"Na tusipofanya?"
"Nyongo iliyotuama huoza. Usaha ukiingia damuni,
tunahesabu siku."

Nilikuwa karani wa reli miaka thelathini.
Nimesaini saruji, ng'ombe, majeneza mawili matatu.
Kalamu haijawahi kuwa na uzito huu.
Ndinda anapiga simu kutoka Voi: mwacheni mama apumzike.
Kioko naye: litolewe, pesa tutachanga.
Wote wanampenda. Wote wako mbali.

"Ni kubwa kiasi gani?"
Tumesahau kwamba yupo, na masikio yake yapo.
Daktari anamwonyesha ukucha wa kidole chake.
Mama anacheka, kicheko cha meno mawili.

Huyu alivunja kokoto Njiru miaka kumi na tisa,
kipande cha tairi kikilizunguka jiwe lisiruke,
debe kwa debe, karo yangu, viatu vyangu,
na hilo kovu juu ya nyusi.
"Jiwe lina mshipa," anamwambia daktari
kama anayemfunza mwanagenzi.
"Ukiuona, gonga. Usipouona, usilazimishe.
Lililolazimishwa ndilo hutoa mtu jicho."

Daktari ananyamaza.
Anageuza risiti, anachora upya:
jiwe palepale, na ubavuni mwake
kijirija cha plastiki, nyongo ipite kando.
Kazi fupi, usingizi mwepesi. Hatari bado ipo, ila imepungua.
Kitadumu miezi mitatu hivi, kisha kibadilishwe.
Si kupona kabisa, anasema, asije akatudanganya.

"Miezi," mama anarudia, akiipima kama debe.
"Kwani wewe, daktari, nani alikuahidi miaka?"

Alikataa kalamu yangu.
Akachovya dole gumba kwenye wino,
akaligandamiza kwenye fomu kwa nguvu zote,
mstari ukachanika.

Saa tisa wamemrudisha, mdomo mkavu,
alama nyekundu shavuni pale kishikio kilipokaa.
Muuguzi anabonyeza tumbo, anauliza kama linauma,
anaandika, anarudi, anabonyeza tena.
Kongosho lina usiku huu wa kuamua.
Mimi nina kiti cha plastiki na chupa ya uji asioruhusiwa kunywa.

Ng'ambo ya barabara wanaongeza ghorofa.
Lori linainua mgongo na kumwaga mzigo,
dirisha linatetemeka.
Mama hajafumbua macho.

"Robo tatu," anasema.
"Imevunjwa vizuri."